Mkwe si kibarua: majibu kwa wasomaji wanaopendana mmoja akiwa na shamba na mwingine hana

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja. Mjini tofauti ya tajiri na maskini huonekana kwenye gari na mtaa anaokaa mtu. Kijijini huonekana kwenye jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga: nani analo, nani analikodi, na nani analiinamia kwa malipo ya siku. Majina ya walioandika tumeyaacha. Barua ndefu tumezifupisha.

Shikamooni wahariri. Nina miaka 26, napandikiza na kuvuna mpunga kwa vibarua hapa Ubaruku, Mbarali. Napendana na binti wa mzee ambaye kila msimu nafanya kazi kwenye majaruba yake. Binti ana miaka 22, amenikubali, na mama yake anajua. Mzee amesikia fununu akasema, "Atamlisha nini?" Nitume mshenga sasa, au nisubiri?

Marahaba, kijana. Neno la mzee limekuuma, lakini hilo ni swali la mkulima na linajibika kwa hesabu.

Kabla ya hesabu, acha kwanza kufanya kibarua kwake. Malizia kipande ulichoanza, dai hela yako yote, pokea, kisha msimu ujao ukafanye kazi kwa mtu mwingine. Wengi hufanya kinyume. Wakishapendana na binti wa mwenye shamba huongeza bidii palepale ili waonekane wachapakazi, na hela wanaacha isilipwe, wakidhani wanaweka akiba ya heshima. Siku ya mahari mzee atakuwa na mdomo wa kusema, "Huyu nimemlisha mimi," nawe utakuwa na deni lisiloandikwa popote. Baada ya harusi utaendelea kuitwa alfajiri kufungulia maji bila malipo, kwa kuwa hakuna siku uliyowahi kuacha. Mkwe husaidia siku moja mbili za kupandikiza, kama wakwe wengine. Ukifika wiki nzima, hicho ni kibarua, na kibarua hulipwa.

Sasa hesabu. Kodi angalau ekari 2 kwa jina lako mwenyewe na uvune hata msimu mmoja kabla ya kutuma barua. Tuchukue mfano, nawe uweke namba za kwenu. Umevuna gunia 20 kwa ekari, jumla 40. Kodi ya shamba tuseme inakula sawa na gunia 8. Kulima, kuvuruga, mbegu, kupandikiza, palizi, urea, kuvuna na kubeba vinakula 16. Zimebaki 16. Chakula cha watu wawili kwa mwaka weka gunia 5: gunia la mpunga la kilo 100 hutoa kama kilo 65 za mchele, kwa hiyo mtakuwa na mchele wa kilo 300 na ushee. Za kuuza zimebaki 11.

Mshenga aipeleke hiyo 11. Asiitaje 40. Mzee amelima mpunga miaka mingi kuliko umri wako, na akisikia "kijana anavuna gunia 40" atajua palepale kuwa anaongea na mtu asiyejua gharama zake, au anayedanganya. Akisikia "zinabaki 11, na ameziweka ghalani hadi Januari bei ipande", hapo kaambiwa atakacholishwa binti yake. Hesabu magunia yaliyoshonwa sawasawa. Ukihesabu lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, mzee atapima kwa macho na atakushika.

Muda nao una maana. Usitume barua Desemba hadi Februari, maana huo ni wakati wa kupandikiza, watu wako majini kutwa na fedha zote zimelala shambani. Usitume pia wiki za kuvuna. Agosti na Septemba ndiyo miezi mizuri: mpunga uko ghalani, maandalizi ya vitalu hayajaanza, na wazee wana nafasi ya kukaa kitako.

Mshenga asiwe rafiki yako wa kijiweni. Awe mtu mzima ambaye mzee humwita kwa heshima, na, jambo ambalo wengi hulisahau, asiwe anadaiwa na huyo mzee. Katika vijiji vya mpunga wenye mashine na matrekta ndio hao hao wanaokopesha mbolea. Mshenga mwenye deni la mifuko mitatu ya urea hataweza kubishana mahari. Atakubali kila kinachotajwa.

Barua ya posa iwe fupi. Mfano:

"Kwa Mzee (jina). Salaam. Sisi ukoo wa (jina), wa kijiji cha (jina), tunaleta posa ya kijana wetu (jina) kwa binti yako (jina). Kijana ni mkulima, analima ekari 2 za kukodi. Tunaomba utupangie siku ya kuja kujitambulisha. Majibu apewe mshenga wetu, Mzee (jina)."

Ona neno "mkulima". Usiandike "kibarua", na usijipandishe ukaandika "mfanyabiashara" kwa sababu uliwahi kupeleka magunia mawili Makambako. Neno "kukodi" liache lilivyo, kila mtu kijijini anajua shamba ni la nani. Mahari isitajwe humo. Kiasi cha fedha ya kuweka ndani ya bahasha hutofautiana kati ya Wasangu, Wanyakyusa, Wabena na wengine mnaoishi pamoja hapo, kwa hiyo mtume shangazi au dada yako akamuulize mama wa binti kimyakimya. Mama anayejua na hajakataa ni mlango, utumie.

Siku ya kupanga mahari, mshenga aandike orodha yenye safu tatu: kitu, kiasi, tarehe ya kulipa. Mahari ya baba, mkaja wa mama, blanketi la bibi, kila kimoja na mstari wake. Tarehe zifuate mavuno, kwa mfano nusu Julai mwaka huu na nusu Julai mwakani. Kosa kubwa hapa ni kuuza mpunga ukiwa bado kijani ili kumaliza mahari kwa pigo moja. Mnunuzi wa mpunga wa kijani hununua kwa bei ya shida yako. Utaoa mwezi Machi, halafu mwezi Juni utamsindikiza mtu akibeba mavuno yako, na mkeo mpya anatazama.

Kisheria binti wa miaka 22 anaamua mwenyewe. Chini ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 mnaweza kutoa taarifa ya kusudio la ndoa siku 21 kabla na kufunga ndoa hata baba akinuna. Njia hiyo ipo, lakini iweke mwisho. Kijana asiye na ardhi anamhitaji baba mkwe, hata kwa kupitisha maji tu, kuliko mfanyakazi wa mjini anavyomhitaji wake. Kama ni Waislamu, suala la walii, yaani msimamizi wa kumwozesha binti, mlimalize na sheikh mapema.

Nina majaruba ekari 30 na mashine ya kukoboa. Binti yangu anaolewa na kijana mwenye bidii lakini hana hata nusu ekari. Nataka kumpa ekari 3 siku ya harusi, mbele ya watu. Wanangu wa kiume wananuna. Nifanyeje ili nisijutie?

Shikamoo mzee. Nia ni njema. Tatizo ni hiyo "siku ya harusi mbele ya watu". Ardhi iliyotolewa kwa kipaza sauti ina mashahidi 300 na haina karatasi hata moja. Ukifariki, wanao watasema baba aliazimisha, mkweo atasema baba alinipa, na binti yako atabaki katikati bila cha kushika.

Tena umeandika "kumpa", yaani kijana. Kijijini ukimpa mkwe umempa mwanamume na ukoo wake. Kama unachotaka ni binti yako asilale njaa, weka jina lake, au majina yao wote wawili. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 60, inachukulia kuwa mali iliyo kwa majina ya wote wawili wanaimiliki sawa kwa sawa hadi ithibitishwe vingine. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Basi wanao wasikuambie kuwa mila hairuhusu binti kupewa jaruba.

Utaratibu unaenda hivi. Pima eneo mkiwa na majirani wote wa mipakani. Andika barua ya zawadi inayotaja ukubwa, nani yuko kila upande, na maneno haya waziwazi: "ni zawadi, si mkopo, wala si sehemu ya mahari". Isainiwe na wewe, mke wako, wanao wa kiume, majirani wawili na mwenyekiti wa kitongoji. Saini za wanao ndizo ngumu kupata, na ndizo zenye thamani kuliko zote. Wakigoma, mgawie kila mmoja fungu lake siku hiyo hiyo, kwa karatasi hizo hizo. Mara nyingi kununa kwao kunatokana na kuona dada anapata chake wakati wao bado wanalima kwa ruhusa. Kisha peleka barua kwa mtendaji wa kijiji iingie kwenye kikao cha Halmashauri ya Kijiji, na uombe nakala ya muhtasari. Kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji na masjala, waombe Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa majina mliyokubaliana. Kabla ya yote hayo, hakikisha ardhi ni yako kweli. Ndani ya baadhi ya skimu za umwagiliaji mkulima ana haki ya kulima tu, na shamba ni la kijiji au la ushirika.

Halafu, mzee, maji. Wenye mashamba makubwa wakitoa zawadi mara nyingi hutoa majaruba ya mkiani mwa mfereji na kubaki na ya kichwani. Maji ya zamu huanzia kichwani. Wa mkiani hupata mwisho, hupandikiza mwisho miche ikiwa imezeeka kitaluni kupita siku 30, na miche mizee haichipui machipukizi ya kutosha. Mvua ikikatika mapema, mpunga wao unakutana na ukame wakati wa kutoa masuke, punje zinakuwa pepe. Baada ya misimu miwili utasema mkwe ni mvivu, kumbe ulimpa shamba la kiu. Afadhali ekari 1 na nusu yenye maji kuliko 3 za mkiani. Nenda naye kwenye umoja wa wamwagiliaji, aandikishwe kwa jina lake au la mkewe, na ada ya maji alipe mwenyewe na risiti awe nayo.

Kama bado una wasiwasi naye, mwazimishe kwa maandishi misimu 3, alipe kodi ndogo ya mavuno, kisha uamue. Ila usiitumie ardhi kama ndoana ya kumvutia leo na kumtishia kesho. "Nitakunyang'anya" likishatamkwa mara moja, kijana hatatia samadi wala hatasawazisha jaruba tena. Atalilima kama la kukodi.

Nimeolewa Rombo, kwetu hatukuwa na kitu. Mume wangu ni wa tatu kati ya wavulana watano. Tunaishi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, cha baba mkwe. Kwa miaka 9 nimepanda migomba na kahawa, nimefuga ng'ombe wawili wa ndani, na tumejenga nyumba ya tofali kwa hela za maziwa na za mume wangu. Mawifi wananiita "kibarua wa kaka". Nikiondoka au mume akifa, nina nini?

Dada, umeandika "wa tatu kati ya watano" kama jambo la kupita tu, kumbe hapo ndipo penye kiini. Kwa mila ya Wachagga kihamba cha nyumbani humwendea mtoto wa mwisho, na wa kwanza huwahi kukatiwa chake. Wa katikati hutafutiwa kwingine, na siku hizi "kwingine" mlimani hakupo. Kwa hiyo huenda mmejenga nyumba ya tofali juu ya urithi wa shemeji yako mdogo.

Sheria inakusaidia, lakini si kila mahali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyoichuma pamoja, na hata mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango. Hapo uko vizuri. Lakini mahakama inagawa mali ya mume na mke. Kihamba kikiwa bado cha baba mkwe, nyumba yenu imekaa juu ya ardhi isiyo ya mumeo, na hoja yako inabaki kwenye thamani ya mlichoongeza, mtakayolazimika kuithibitisha. Usitegemee kukatiwa kipande.

Kwa hiyo kazi ya sasa ni karatasi, mzee akiwa hai na mkiwa mnaelewana. Mumeo (aende yeye, usiende wewe) amwombe baba yake aonyeshe mpaka wa sehemu yao, masale, ile mimea ya mpaka, yapandwe mbele ya kaka zake, na iandikwe. Ikiwa mzee hataki kugawa, basi aandike angalau kwamba nyumba hiyo imejengwa na fulani na mkewe fulani kwa gharama zao, akiwa anajua na ameridhia. Jina lako liwemo. "Na familia yake" halitoshi.

Wakati huohuo fungua daftari. Kurasa nne zinatosha: nyumba, mifugo, mimea, mapato. Mstari mmoja uonekane hivi: "12 Machi, bati geji 30, vipande 20, hela ya maziwa miezi mitatu, risiti ipo." Risiti zilizokwisha kufutika wino zipige picha leo. Miche ya kahawa uliyopanda ihesabu na uandike mwaka.

Kahawa ina mtego wake. Mnaiuza AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa namba ya mwanachama, na namba pengine ni ya baba mkwe au mume. Jasho lako linaonekana kwenye daftari la mtu mwingine. Ulizia masharti ya kujiunga kwa jina lako. Na ujue kipimo: kilo 5 hivi za kahawa mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa iliyomenywa na kukaushwa. Ukichuma kilo 300 mbivu na daftari likaonyesha 30, uliza nyingine zilikwenda wapi, zilitakiwa kukaribia 60.

Nyumba mnayoishi kama mke na mume ikiwa ya mumeo, hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, kifungu cha 59. Kifo ndicho kigumu zaidi kwako, maana sheria ya kimila ya urithi iliyoandikwa mwaka 1963 inamweka mjane nyuma sana. Mumeo aandike wosia, ashuhudiwe na watu wasio warithi, na nakala moja itunzwe nje ya nyumba hiyo.

Kuhusu mawifi, usiwajibu shambani. Mmoja akikutusi mbele ya watu, mwambie mumeo amtume mzee wa ukoo na jani la sale. Jani lile lile linaloweka mpaka wa kihamba ndilo la kuombea msamaha, na huko kwenu anayelikataa ndiye huonekana mkosaji.

Mke wangu katoka kwenye uwezo. Kila mwezi kwao wanaleta mchele, sukari, mafuta. Vijana wenzangu wananiita kupe. Nikatae?

Usikatae. Ukikataa chakula umemwambia mama mkwe kwamba mwanawe yuko kwenye nyumba ya kiburi. Pokea, kisha rudisha kwa kile ulicho nacho: kuku wa mayai, ndizi za kwanza, tenga la nyanya. Mahali pa kujionyesha ni msibani. Ukweni wakifiwa, uwe wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka: kuni, maji, kuchimba kaburi, na jina lako liwe kwenye daftari la rambirambi hata kama ni kiasi kidogo. Hilo daftari husomwa kwa sauti, na wanaokuita kupe watakuwepo.

Kitu kimoja kikatae: hela taslimu anayopewa mkeo kisirisiri "ili usijue". Zungumza naye, iingie kwenye matumizi au iandikwe ni yake.

Mchumba wangu, mtoto wa mwenye matrekta, alininunulia simu na cherehani. Sasa ameoa mwingine na anadai vitu vyake. Nirudishe?

Kifungu cha 71 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa, na kwa hizo tu. Simu, kama alikupa siku ya kuzaliwa, si ya namna hiyo. Cherehani kililetwa na mshenga pamoja na posa? Basi ana hoja. Na wewe unayo: aliyevunja ahadi ya ndoa anaweza kudaiwa fidia ya hasara uliyopata, kama vile gauni ulilokwisha kulipia. Weka risiti zako na hizo zawadi kwenye meza moja mbele ya wazee, na umwache yeye ndiye aanze kuhesabu.

Tumekaa pamoja miaka 3, tuna mtoto. Baba yangu, mwenye ng'ombe wengi, anasema kwa kuwa mume wangu hajamaliza mahari mimi bado ni wake na nirudi nyumbani. Ni kweli?

Si kweli. Kama mlifunga ndoa, mahari isiyolipwa haiibatilishi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa kiko wazi. Kama hamkufunga, kukaa pamoja miaka 2 na zaidi huku watu wakiwajua kama mke na mume kunawapa dhana ya ndoa, yaani mnachukuliwa kuwa mmeoana, kifungu cha 160, ingawa inaweza kupingwa mahakamani. Kafungeni iwe na cheti. Mahari iliyobaki ni deni la mumeo kwa baba yako, na deni hupangiwa tarehe: mwambie apeleke mtamba mmoja baada ya mavuno haya, apewe maandishi kuwa amepokelewa, na hayo maandishi uyatunze wewe.